ULIDANGANYWA, SAWA, LAKINI HASARA IMETOKANA NA NINI?

Somo la wiki hii linahusu jambo linalowaangusha wafanyabiashara wengi mahakamani wakiwa na haki yao mkononi. Mtu amedanganywa, ushahidi wa uongo anao, na hasara inaonekana kwa macho. Anafungua shauri akiamini kuwa kazi imekwisha. Baada ya miaka kadhaa na gharama za mawakili, jaji anasema: ni kweli ulipotoshwa, lakini hukuonyesha kwamba upotoshaji huo ndio uliokutia hasara. Shauri limetupwa, na gharama ni juu yako.

Kati ya uongo na hasara pana kiungo. Wanasheria huita kiungo cha sababu. Kisipoelezwa vizuri katika hati ya madai tangu siku ya kwanza, mnyororo mzima hukatika. Tutakiangalia kiungo hicho kwa kutumia mashauri ya Australia, nchi ambayo mahakama zake zimelichambua suala hili kwa zaidi ya miaka 40, kisha tutaona linatuhusu vipi sisi.

SHERIA YENYEWE

Mwaka 1974 Australia ilitunga Sheria ya Mwenendo wa Biashara. Kifungu chake cha 52 kilikuwa kifupi: kampuni isijihusishe, katika biashara, na mwenendo unaopotosha au kudanganya, au unaoelekea kupotosha au kudanganya. Tangu Januari 1, 2011 katazo hilo limo katika kifungu cha 18 cha Sheria ya Walaji ya nchi hiyo.

Uzito wa kifungu hicho ni kwamba hakiulizi nia. Aliyesema jambo lisilo kweli kwa nia njema naye ananaswa. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alijua anasema uongo, kazi ambayo ni ngumu sana katika mashauri ya ulaghai.

Lakini katazo peke yake halilipi mtu senti. Anayetaka fidia alitakiwa kupitia kifungu cha 82, kilichompa haki mtu aliyepata hasara "kwa" kitendo cha mwingine kilichovunja sheria. Neno hilo moja dogo ndilo lililobeba mzigo wote. Mwaka 1992, katika shauri la Wardley dhidi ya Jimbo la Western Australia, Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndiyo ya mwisho kwa rufani, ilieleza kuwa neno hilo linaleta dhana ya sababu bila kuifafanua. Sheria ya sasa, katika kifungu cha 236, inasema waziwazi zaidi: hasara iwe imepatikana kwa sababu ya mwenendo huo.

Kwa hiyo mdai ana mambo manne ya kusimamisha: kulikuwa na mwenendo fulani; mwenendo huo ulipotosha; amepata hasara; na hasara hiyo imetokana na mwenendo huo. Wengi huandika kurasa kumi juu ya mawili ya kwanza, nusu ukurasa juu ya la tatu, na sentensi moja juu ya la nne: "Kutokana na hayo mdai amepata hasara." Sentensi hiyo ndiyo wakili wa upande wa pili huikimbilia kwanza.

MFANO WA MASHINE

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara ananunua mashine ya kusaga iliyotumika kwa Sh. milioni 18. Muuzaji amemwambia inasaga magunia 40 kwa siku. Kwa kweli inasaga 25, na kwa uwezo huo bei yake ya haki sokoni ni Sh. milioni 11. Mnunuzi anatumia milioni 2 kwa msingi, nyaya na fundi, na Sh. 300,000 kwa mwezi kwa pango. Baada ya miezi sita anafunga. Anauza mashine kwa milioni 9. Katika miezi hiyo makusanyo yake, baada ya kutoa umeme na mishahara, yalikuwa milioni 1.4. Anakwenda mahakamani kudai milioni 30.

Je, milioni 30 zimetoka wapi? Tuhesabu. Alitoa 18, akatoa 2, akatoa 1.8 za pango: jumla milioni 21.8. Aliingiza 9 na 1.4: jumla milioni 10.4. Pengo ni milioni 11.4. Milioni 18.6 zilizobaki ni faida aliyoitarajia kama mashine ingesaga magunia 40.

Hapo ndipo kiungo kinapopimwa. Kama mdai anasema "ningeambiwa ukweli nisingenunua kabisa", dai lake ni milioni 11.4. Faida iliyotarajiwa haimo, kwa sababu mtu asiyenunua mashine hapati faida ya kusaga. Kama anasema "ningenunua, lakini kwa bei ya haki", dai lake ni tofauti ya bei: 18 kutoa 11, yaani milioni 7. Kama anasema "ningenunua mashine nyingine iliyokuwepo sokoni kwa fedha hizo hizo, yenye uwezo wa magunia 40", hapo anaweza kudai faida iliyopotea. Lakini lazima aonyeshe mashine hiyo ilikuwepo, na kwamba wateja wa magunia 15 ya ziada kila siku walikuwepo.

Hadithi tatu, hesabu tatu. Mdai anayechanganya zote bila kusema anasimamia ipi ya kwanza na ipi ya akiba anajichimbia shimo.

Na muuzaji naye ana maswali. Je, mashine nyingine haikufunguliwa ng'ambo ya barabara mwezi wa pili? Je, umeme haukukatika wiki mbili? Je, mnunuzi hakuja na fundi wake akaijaribu kabla ya kulipa? Kila swali linajaribu kuichomoa hasara kutoka kwenye uongo na kuitundika kwenye sababu nyingine.

SI LAZIMA IWE SABABU PEKEE

Habari njema kwa mdai ni kwamba mahakama hazidai uongo uwe sababu pekee ya hasara. Mwaka 1985, katika shauri la Gould dhidi ya Vaggelas lililohusu ununuzi wa hoteli ya kitalii katika kisiwa cha South Molle, jimbo la Queensland, Mahakama Kuu ya Australia ilieleza hivi: ikiwa mtu ametoa kauli nzito iliyoelekezwa kumshawishi mwenzake aingie mkataba, na mwenzake akaingia, mahakama inaweza kuchukulia kwamba alishawishika. Mdaiwa ndiye atakayeleta mambo ya kuivunja dhana hiyo, kwa mfano kuonyesha kwamba mnunuzi alikuwa anaujua ukweli. Na inatosha kauli hiyo iwe mojawapo ya mambo yaliyomsukuma.

Shauri lililoweka jambo hili wazi zaidi ni Henville dhidi ya Walker, lililoamuliwa mwaka 2001. Henville, msanifu majengo, alitaka kujenga nyumba za kuuza katika mji wa Albany, Western Australia. Dalali alimwambia kuna wateja wa nyumba bora huko, na kila moja ingeuzwa kati ya dola 250,000 na 280,000. Henville alipiga hesabu ya mradi, akaona una faida, akanunua kiwanja na kujenga. Nyumba ziliuzwa kwa bei ya chini mno kuliko hiyo.

Tatizo ni kwamba Henville naye alikosea. Makadirio yake ya gharama za ujenzi yalikuwa madogo kuliko hali halisi. Dalali akadai: aliyekuangusha ni wewe mwenyewe. Mahakama ya rufani ya jimbo ilikubaliana na dalali. Mahakama Kuu ya Australia ikakataa. Ilisema bila kauli ya dalali hesabu ya mradi isingeonyesha faida na mradi usingeanza. Uzembe wa mdai haukukifuta kiungo kati ya kauli ile na hasara. Inatosha kauli ya upotoshaji iwe imechangia hasara kwa kiasi cha maana.

Mwaka uliofuata, 2002, mahakama hiyo hiyo ilikwenda mbali zaidi katika shauri la I & L Securities dhidi ya HTW Valuers. Mkopeshaji alitegemea thamani ya jengo iliyotolewa na mthamini, ikawa imepandishwa kupita kiasi. Mkopeshaji hakumchunguza vizuri mkopaji. Jaji wa kwanza alikuwa amepunguza fidia kwa sababu hiyo. Mahakama Kuu ilisema sheria, kama ilivyoandikwa wakati huo, haikutoa nafasi ya kupunguza.

Bunge la Australia halikupenda matokeo hayo. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa, na tangu hapo fidia inaweza kupunguzwa kwa kiasi ambacho mahakama inaona ni haki, pale mdai mwenyewe alipokosa kuchukua uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo leo uzembe wa mdai haukati kiungo, lakini unaweza kukata fedha. Mfanyabiashara ayatenganishe mambo hayo mawili.

HALI INGEKUWAJE BILA UONGO?

Somo la pili ni chungu zaidi. Unaweza kudanganywa, ukatoa fedha zaidi kuliko ulivyoahidiwa, na bado ukawa huna hasara mbele ya sheria.

Hilo liliwakuta wakopaji katika shauri la Marks dhidi ya GIO, lililoamuliwa mwaka 1998. Waliambiwa watalipa riba ya msingi pamoja na nyongeza ya asilimia 1.25. Baadaye mkopeshaji aliipandisha nyongeza hiyo hadi asilimia 2.25. Wakopaji walidai tofauti: asilimia moja nzima ya mkopo, mwaka hadi mwaka.

Hoja iliyowashinda ilikuwa hii. Hata baada ya kupanda, mkopo ule haukuwa ghali kuliko mikopo mingine ambayo wangeweza kuipata. Wangeambiwa ukweli tangu mwanzo, wangekopa wapi kwa nafuu zaidi? Hawakuweza kuonyesha mahali. Walichopoteza ni matumaini ya mkopo wa bei rahisi, na sheria ya upotoshaji hailipi matumaini. Inamrudisha mtu mahali ambapo angekuwa kama asingepotoshwa. Mahali hapo pakiwa sawa na alipo, au pabaya zaidi, hakuna cha kulipa.

Anayetaka kulipwa kile alichoahidiwa adai kwa msingi wa mkataba, kama ahadi ilikuwa sehemu ya mkataba. Ndiyo maana mawakili wazuri huweka madai yote mawili katika hati moja, kila moja na hesabu yake.

ALIYEDANGANYWA NA ALIYEUMIA

Somo la tatu: wakati mwingine aliyedanganywa si yule aliyepata hasara. Mwaka 1992 kampuni ya dawa ya Janssen-Cilag iliishtaki Pfizer. Kampuni hizo zilishindana katika soko la dawa za minyoo. Janssen-Cilag ilisema matangazo ya mshindani wake yaliwapotosha wanunuzi, na kwa hiyo mauzo yake yakapungua. Pfizer ilijibu kwamba Janssen-Cilag haikudanganywa na lolote, kwani ilijua ukweli wote, basi itadaije? Mahakama ya Shirikisho ilikataa hoja hiyo. Mnunuzi akidanganywa akaacha dawa yangu na kuchukua yako, hasara ni yangu, na imetokana na uongo wako.

Hapo kiungo kina pingu mbili: uongo ulimfikia mnunuzi, kisha uamuzi wa mnunuzi ukamuumiza mshindani. Hati ya madai lazima ionyeshe pingu zote mbili. Shauri hilo ndilo lililofungua mlango kwa wanahisa, na sasa tuingie sokoni.

MWEKEZAJI AMBAYE HAKUSOMA TAARIFA

Mwekezaji mdogo mara nyingi hasomi taarifa za hesabu. Anatazama bei, anamuuliza wakala wake, ananunua. Ikija kugundulika kwamba hesabu zilipikwa, je, anaweza kudai? Hakuona uongo wowote. Lakini bei aliyolipa ilipandishwa na uongo huo.

Kwa muda mrefu jibu nchini Australia halikuwa wazi. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ya New South Wales, katika shauri la Digi-Tech dhidi ya Brand, iliona kwamba mtu aliyefanya uamuzi mwenyewe wa kuingia katika biashara lazima aonyeshe kuwa upotoshaji ulimfikia yeye na akautegemea. Mwaka 2016 mambo yalibadilika. Katika shauri la wanahisa wa HIH, kampuni kubwa ya bima iliyoanguka Machi 2001, jaji wa jimbo hilo hilo alikubali njia nyingine: hesabu za uongo ziliingia sokoni, soko likapandisha bei ya hisa, na kila aliyenunua kwa bei hiyo alilipa zaidi, awe amesoma hesabu au la. Alitenga kundi moja tu, yaani mtu aliyeujua ukweli au asiyeujali, akanunua hivyo hivyo.

Marekani ilifika hapo mapema. Mwaka 1988, katika shauri la Basic dhidi ya Levinson, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali dhana kwamba anayenunua katika soko lililo wazi na linalofanya kazi vizuri anategemea uaminifu wa bei yenyewe. Mdaiwa ana ruhusa ya kuipinga dhana hiyo kwa ushahidi.

Lakini wawekezaji wasishangilie mapema. Dhana hiyo inakusaidia kueleza kwa nini ulinunua. Haielezi kwa nini ulipoteza. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Dura Pharmaceuticals dhidi ya Broudo, ambalo kila anayeandika hati ya madai ya hisa angepaswa kulikumbuka. Wanahisa walidai kwamba kampuni ilikuwa imesema uongo kuhusu uwezekano wa chombo chake cha kupulizia dawa ya pumu kupata kibali cha serikali. Februari 1998 kampuni ilitangaza kwamba mapato yangekuwa chini ya matarajio, na bei ya hisa ikaanguka karibu nusu. Habari za kukosa kibali zilitoka Novemba mwaka huo. Bei ilishuka kwa muda, kisha katika wiki moja ikarudi karibu ilipokuwa.

Hati ya madai ilisema tu kwamba wanahisa walinunua kwa bei iliyopandishwa na uongo. Mahakama ilisema hiyo haitoshi. Siku unaponunua kwa bei iliyopanda, una mkononi hisa yenye bei hiyo hiyo iliyopanda. Ukiuza kabla ukweli haujatoka, hukupoteza kitu kwa uongo huo. Hati lazima ieleze jinsi ukweli ulivyotoka na jinsi ulivyoigusa bei.

Kwa shilingi ni hivi. Unanunua hisa kwa Sh. 500. Bila uongo bei ingekuwa 450. Ukiuza kwa 500 kabla ya ukweli kujulikana, hasara ya uongo ni sifuri. Ukweli ukitoka ukiwa bado unayo, na bei ikashuka hadi 400, usidai 100. Huenda 50 ni hewa ya uongo iliyotoka, na 50 ni riba za benki zilizopanda au soko zima lililolegea. Dai lako ni 50, na ni juu yako kuitenganisha.

MYER: KUSHINDA BILA KULIPWA

Shauri linalounganisha masomo yote ni la kampuni ya maduka makubwa ya Myer. Lilikuwa shauri la kwanza la kundi la wanahisa wa aina hii kufikia hukumu nchini Australia.

Septemba 11, 2014 mkurugenzi mtendaji wa Myer aliwaambia wachambuzi na waandishi kwamba faida halisi ya mwaka uliofuata ingezidi ile ya mwaka uliokwisha, ambayo ilikuwa dola milioni 98.5. Machi 19, 2015 kampuni ilitangaza kwamba faida ingekuwa kati ya dola milioni 75 na 80. Siku hiyo bei ya hisa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10. Wanahisa walifungua shauri.

Hukumu ilitoka Oktoba 2019. Jaji wa Mahakama ya Shirikisho alikuta kwamba kauli ya Septemba ilikuwa na msingi iliposemwa, lakini kampuni ilipoona mambo yanabadilika ilitakiwa kuisahihisha, na ilichelewa kuanzia Novemba 2014. Kunyamaza huko kulivunja wajibu wake wa kulipa soko habari na kulikuwa ni kupotosha. Zaidi ya hapo, alikubali kwamba wanahisa hawakuhitaji kuthibitisha kila mmoja wao aliisikia kauli ile. Njia ya kupitia bei ya soko ilitosha.

Mpaka hapo wanahisa walikuwa wanashinda. Kisha likaja swali la hasara: je, bei ya hisa kati ya Novemba na Machi ilikuwa imepandishwa na kauli ile? Ushahidi ulionyesha kwamba wachambuzi wa soko hawakuwa wamemwamini mkurugenzi. Makadirio yao ya faida yalikuwa chini ya alichosema, na bei ya hisa ilikuwa tayari imefuata makadirio yao. Kama Myer ingetoa masahihisho kwa wakati, masahihisho hayo yangelingana na kile ambacho soko lilikuwa linakiamini tayari, na bei isingetikisika kwa kiasi cha maana. Hasara haikuthibitishwa.

Somo kwa mwekezaji ni kali. Ukidai kwamba soko lilidanganywa, jiulize kwanza kama soko liliamini. Kushuka kwa bei siku ya tangazo kunaweza kuwa dalili, lakini si kipimo cha kushuka ambako kungetokea kama ukweli ungesemwa mapema.

HATI YA MADAI IWE NA NINI?

Kutokana na mashauri hayo, anayekaa na wakili wake kuandaa hati ahakikishe yafuatayo yameandikwa waziwazi, kama mambo ya hakika na si kama malalamiko:

1. Kauli au kitendo chenyewe. Nani alisema nini, lini, wapi, kwa mdomo au kwa maandishi. Kama kosa ni kunyamaza, eleza kilichotakiwa kusemwa na tarehe kilipotakiwa kusemwa.

2. Kwa nini kilipotosha. Ukweli ulikuwa upi siku hiyo. Kama ni utabiri, eleza kwa nini haukuwa na msingi, kwani utabiri kutotimia peke yake si upotoshaji.

3. Kilimfikia nani. Wewe, mteja wako, au soko. Kama ni zaidi ya mmoja, kila njia iandikwe peke yake.

4. Kilibadilisha uamuzi gani. Ulisaini, ulilipa, ulikopesha, au uliacha kuuza. Taja tarehe, ili ionekane kwamba kauli ilitangulia uamuzi. Kuna madai yaliyokufa kwa sababu fedha zililipwa Jumatatu na barua ya uongo ikaandikwa Jumatano.

5. Ungefanya nini ungeambiwa ukweli. Hapa ndipo hati nyingi hukaa kimya. Sema: nisingenunua, au ningenunua kwa bei fulani, au ningenunua kitu kingine, ukitaje. Mawili yanaweza kuwekwa, moja likiwa la akiba.

6. Hesabu ya hasara inayolingana na jibu la namba 5. Usidai faida ya biashara ambayo umeshasema usingeifanya.

7. Sababu nyingine. Zitaje kabla hujatajiwa, na ueleze kwa nini upotoshaji bado ulichangia kwa kiasi cha maana.

8. Muda. Australia sheria ya sasa inatoa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Shauri la Wardley lilifundisha kwamba saa inaanza kuhesabu pale hasara halisi inapotokea, si pale inapokuwa hofu tu. Siku ya hasara ni sehemu ya kiungo, kwa hiyo iandikwe.

KWETU JE?

Msomaji asidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003, kifungu cha 15, inakataza mtu kujihusisha, katika biashara, na mwenendo unaopotosha au kudanganya, au unaoelekea kufanya hivyo. Ukiyaweka maneno hayo kando ya kifungu cha 52 cha Australia utaona ni ndugu wa tumbo moja. Sheria hiyo pia inampa aliyepata hasara kutokana na uvunjaji wake nafasi ya kuomba amri ya fidia. Mahakama za Australia haziwafungi majaji wetu, lakini fikra zao ni hoja ambayo wakili anaweza kuiweka mezani.

Sheria yetu ya Mikataba nayo inalijua swali hili. Kifungu cha 19 kinampa aliyeingia mkataba kwa udanganyifu au kauli isiyo kweli haki ya kuukataa. Lakini kinaeleza kwamba udanganyifu ambao haukusababisha ridhaa yake hauupi mkataba dosari hiyo. Na kwa kauli isiyo kweli, kama mtu alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, haki hiyo inaweza kumponyoka. Hapo sisi ni wakali kuliko ilivyokuwa katika shauri la Henville.

Tena Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 6 kanuni ya 4, inamtaka anayetegemea kauli isiyo kweli au ulaghai atoe vipengele vyake katika hati, pamoja na tarehe pale zinapohitajika. Kusema "nilidanganywa" bila vipengele ni kumpa mpinzani nafasi ya kuomba dai lifutwe kabla halijasikilizwa.

USHAURI WA WIKI

Kiungo cha sababu hujengwa kabla ya ugomvi, kwa karatasi. Mfanyabiashara anayepewa maelezo ya mali, mashine au hisa ayaombe kwa maandishi. Aandike kwenye daftari bei nyingine alizoulizia na kwa nini alichagua hii, maana daftari hilo ndilo litakalojibu swali la "ungefanya nini vinginevyo" miaka mitano baadaye, wakati kila mtu amesahau. Mwenye hisa atunze hati za manunuzi na mauzo zenye tarehe, na akate na kuhifadhi matangazo ya kampuni siku yanapotoka.

Na kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri, chukua karatasi moja. Upande wa kushoto andika uongo ulioambiwa. Upande wa kulia andika hasara uliyopata. Kisha jaza katikati, hatua kwa hatua, bila kuruka. Ukishindwa kujaza katikati ukiwa nyumbani na kikombe cha chai, usitegemee wakili atakujazia mbele ya jaji.